Sataranji ya Jozi

Mzee Muhanna alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Tabora mjini walimjua kwa mambo mawili, duka la nguo na sataranji. Mwaka ule serikali ilipotaifisha majumba, nyumba yake ya kupangisha ilikwenda, na dukani zikabaki rafu zenye vumbi. Iliyobaki ni sataranji, na mwanawe Humaidi, aliyemfundisha tangu hajang'oka jino. Watu walisema kijana huyo atampita baba yake. Mzee alijifanya hasikii, na huku kifua kimemjaa.

Asilolijua ni kwamba uani kwa jirani yao Benedikta kulikuwa na mchezo mwingine. Lugembe, kaka yake Benedikta, aliutoa shule ya bweni. Mbao mbili huwekwa ubavu kwa ubavu, watu wanne wakacheza wawili wawili. Kete anayoila mwenzako anakupa wewe, nawe unaitua kwenye chumba chochote kilicho tupu kwenye ubao wako. Humaidi alicheza jozi moja na dada yake Zeyana, aliyemtangulia kuzaliwa. Humaidi akinyoosha mkono wa kushoto bila hata kugeuka, dada anamtilia kete ya farasi kiganjani. Zilikuwa kelele, vicheko na ugomvi mtamu, mpaka jirani wa pili anagonga ukuta.

Balaa lilianza Jumamosi, barazani kwa Mzee Muhanna. Anton, karani wa ushirika wa tumbaku Urambo, alikuja kwa treni kucheza na Humaidi, na baraza ikafurika watu. Humaidi alianza vizuri. Kisha akamtoa waziri wake, kete kubwa kuliko zote, akamla askari mmoja tu mbele ya mfalme wa Anton. Anton akamla waziri. Na Humaidi, macho yamekazia ubao, akanyoosha mkono wa kushoto pembeni, kiganja wazi, akingoja farasi.

Mkono ukabaki hewani. Hapakuwa na Zeyana wala ubao wa pili.

"Bwana mdogo," Anton akasema, "leo si Ijumaa. Sadaka ulipaswa kuja kuiomba jana."

Baraza ililipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Muhanna peke yake hakucheka. Alimwuliza Lugembe, aliyekuwa akicheka na wenzake, mkono ule ulikuwa ukiomba nini, na Lugembe, mdomo wake haujui mlango, akaeleza kila kitu.

Kabla ya magharibi bakora ilikuwa kazini. "Unyooshe huo mkono wako wa kuombea," mzee alisema, na Humaidi, mwanamume mwenye ndevu, akaunyoosha, maana katika nyumba ile hukumkatalia baba. Bakora ilishuka juu ya vidole. Ikashuka tena. Damu iliruka ikachafua kanzu ya mzee mwenyewe, na hilo likamwongezea hasira. Mama yao, Bi Tufaha, alilia kwa sauti akiwa mlangoni, lakini hakuthubutu kuvuka kizingiti. Vidole viwili vilivunjika. Fundi wa mifupa alivifunga kwa vijiti na kitambaa, akaonya kwamba mkono ule ukipigwa tena utakuwa wa kuning'inia tu.

"Ule mchezo wa kufufua maiti umemharibu akili," mzee alitangaza. "Nitampiga kila siku baada ya alasiri mpaka sumu imtoke."

Watu walidhani ni hasira tu. Zeyana alimjua baba yake, na hakudhani hivyo.

Kesho yake, baada ya swala, mzee alitoka na bakora yake akamwita Humaidi. Akatokea Zeyana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ondoka hapo."

"Baba, mchezo ule haujamharibu mtu. Mimi nimeucheza kuliko yeye."

Kofi lilimfika kabla hajamaliza. Alisikia mlio wa nyuki sikioni na ladha ya damu mdomoni. Hakuondoka.

"Basi cheza nami," akasema. "Sataranji yako hiyo hiyo, kwa kanuni zako. Nikishinda, hiyo bakora ni yangu. Nikishindwa, nipige mimi na yeye, mikono yote."

Mzee alimtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Angekataa, ingekuwa amemwogopa mwanamke aliyejifunzia uani. Akaketi mkekani, akalaza bakora mapajani.

Mwanzoni Zeyana alicheza ovyo. Mazoea yana nguvu. Alimtoa farasi wake kwa bei ya bure, kama mtu anayejua atapewa mwingine, na alipotanabahi farasi alikuwa ameshaliwa. Mzee akacheka kwa pua.

"Umeona? Sumu hiyo. Mnatupa mali kama mali ya wizi."

Baba alikuwa anasema kweli, na ukweli ule ungemgharimu Humaidi mkono. Zeyana alimtazama ndugu yake, aliyejibanza kwenye nguzo ya ukumbi, kitambaa cha mkono kimelowa wekundu. Alimchukia baba yake kwa chuki safi isiyo na aibu. Akarudisha macho ubaoni, akajilazimisha kwenda polepole.

Hapo ndipo mchezo wa uani ulipomlipa. Mtu wa sataranji ya kawaida huziangalia kete. Mtu wa jozi hujifunza kuviogopa vyumba vitupu, kwa sababu adui anaweza kutua popote. Mzee Muhanna alikuwa amempanga mfalme wake pembeni, askari mbele, ngome karibu, akaona amemhifadhi. Zeyana aliona mtu aliyejifungia ndani na funguo ziko nje. Akamsogeza farasi wake wa mwisho. Halafu akamchukua waziri, akamweka ubavuni kabisa mwa mfalme wa baba yake.

Mzee akaangua kicheko. Mfalme hakuweza kumla waziri yule, farasi alikuwa anamlinda, ila ngome iliweza.

"Kama ndugu yako! Haya, nyoosha mkono uombe!" Akamla waziri kwa ngome, kwa kishindo.

Zeyana hakumwomba mtu. Alimrusha farasi yule yule hatua moja tu. Mfalme akatishiwa, na kila chumba cha kukimbilia kilikuwa kimezibwa na watu wake mwenyewe.

Mzee alitafuta pa kutokea mpaka jasho likamtiririka kwenye ndevu. Hapakuwapo. Akaichukua bakora, akamkabidhi binti yake kwa mikono miwili, maana alikuwa mtu wa kushika neno, hilo tumpe.

"Ni yako," akasema. "Lakini huyo ndugu yako ni punguani, na atakufa punguani."

Zeyana akampiga.

Lilimtoka bila kufikiri. Bakora ilimpata mzee begani, akayumba. Akampiga tena, shavuni, ngozi ikapasuka. Mzee akaanguka juu ya ubao, kete zikatawanyika, naye Zeyana akampiga mgongoni kwa ajili ya vidole vya Humaidi, na kwa ajili ya mama yake aliyesimama miaka yote nyuma ya kizingiti. Tena na tena. Alisikia raha. Raha ile ilimpanda mwilini tamu kabisa, hakutaka iishe. Mama yake alikuwa anapiga kelele. Mzee alikuwa ameficha kichwa.

Humaidi alikuja mbio akajitupa kati yao, ameinua mkono wake wa kushoto, ule uliofungwa, kumkinga baba yake.

Zeyana alimwona. Baadaye alimwapia kila mtu kwamba hakumwona, lakini alimwona, na bakora ilikuwa imeshaanza kushuka, na mkono wake haukutaka kuizuia.

Vijiti vya fundi vilikatika. Humaidi hakupiga kelele. Alianguka magoti, mkono umelegea kifuani kama kitambaa, uso umekuwa majivu. Zeyana akapiga hatua kumwendea, bakora bado iko mkononi, nusu aiachie, nusu asijue anaishika.

Humaidi akajiburuta nyuma mpaka ukutani.

"Nimekoma," akamwambia dada yake. "Nimekoma, dada. Usinipige tena."