Mluzi wa Ng'ambo ya Korongo

Vijana walimwita Mkuu, ingawa ukuu wenyewe ulikuwa wa kuziba pancha. Alikuwa fundi baiskeli. Kila likizo alifunga karakana yake, akakusanya vijana wa mtaani na mahema yao, wakapanda mlimani kulala porini. Huko aliwafundisha kuwasha moto kwa kuni mbichi, kusoma mawingu na kuoga maji ya baridi bila kupiga kelele. Wazazi walimwamini. "Nenda na Mkuu," walisema, "utarudi na akili."

Kati ya wote, hakuna aliyemchosha na kumchekesha kama msichana waliyembatiza Kinanda. Huyo mdomo wake haukutulia: asipoongea anaimba, asipoimba anapiga mluzi. Mkuu alipopuliza filimbi ya kuwaita, wenzake waliitika kwa sauti. Yeye alitia vidole viwili mdomoni akajibu kwa mluzi wake mwenyewe, sauti mbili za chini na moja ya kupanda, kama mtu anayeuliza swali.

Likizo moja, asubuhi ya kuvunja kambi, Kinanda alikumbuka kwamba sweta lake limebaki juu, kwenye mwamba waliokalia jana yake. Akaenda na mwenzake. Punde mwenzake akarudi peke yake, anahema.

"Ukungu umetushukia, Mkuu. Nilikuwa nimemshika mkono, halafu sikumshika tena."

Mkuu akapuliza filimbi. Mluzi ukajibu. Akakimbilia upande ule, akapuliza tena, ukajibu kutoka upande mwingine. Ndivyo ukungu ulivyo, unaizungusha sauti mpaka hujui pa kuifuata. Kisha mvua ikamwagika kama imefunguliwa bomba, mto wa korongoni, kando ya kambi, ukajaa, ngurumo yake ikameza kila kitu.

Polisi walikuja na mbwa, wanakijiji wakaja na mapanga ya kufyekea. Walipekua upande wote wa kambi. Ng'ambo hawakwenda; kwa jinsi mto ulivyofurika, nani angeweza kuvuka? Haikumjia mtu akilini kwamba huenda alivuka kabla ya mvua, wakati maji yalikuwa ya kulowesha vifundo tu. Baada ya siku kadhaa waliambiwa warudi nyumbani. Mkuu alihojiwa, ikaonekana hana kosa, akapewa mkono na pole. Hakupeleka tena vijana mahali popote.

Lakini mluzi ulishuka naye mlimani. Anakaza spoki za gurudumu, anausikia. Anazamisha mpira ndani ya beseni la maji atafute tundu, anausikia. Mteja akipita barabarani akipiga mluzi wa furaha zake, spana ilimdondoka. Mkewe alizoea kumwona akisimamisha kijiko njiani, shingo imegeukia dirishani, na alikwisha acha kumuuliza.

Miaka ikapita. Siku moja mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi akasimama mlangoni pa karakana.

"Shikamoo, Mkuu."

Hakuna aliyekuwa akimwita hivyo tena. Alimtazama, akaiona sura ya Kinanda imekomaa. Alikuwa dada yake mkubwa.

"Mama hataki kitasa cha mlango kibadilishwe," alisema baada ya salamu. "Kimeoza, kinafunguka hata kwa kijiko, wezi wote wanajua. Anasema mtoto aliondoka na ufunguo wa kitasa hicho, akirudi ataingiaje? Nimechoka, Mkuu. Nipeleke nikaone mahali penyewe."

Walipanda siku ya kiangazi, jua likiwaka. Penye kambi palikuwa na majani matupu. Dada akasema, "Puliza kama ulivyopuliza siku ile." Mkuu akasita, akaitoa filimbi, akapuliza.

Kutoka ng'ambo ya korongo mluzi ukajibu. Mbili za chini, moja ya kupanda.

Dada akamkamata mkono. "Umesikia?"

"Mimi nausikia kila siku," Mkuu alisema. "Nilidhani ni mimi tu."

Waliteremka, wakavuka mto kwa kurukia mawe, wakapanda upande wa pili wakishika mizizi. Kila alipopuliza, jibu lilisogea karibu. Mwishowe wakamwona: ndege mdogo, kifua cha rangi ya chungwa, ametua kwenye tawi. Koo lilimvimba, mluzi ukatoka. Chini yake, vichakani, mwingine akaitikia vilevile.

"Hawa huiga," Mkuu alisema taratibu. "Wakishika sauti huwapa makinda yao."

Dada hakuondoa macho kwenye tawi. "Na ili aishike, lazima aisikie mara ngapi?"

Mkuu akakaa chini.

Walitafuta chini ya miamba ya pale pale. Katika pango dogo, pakavu, walikuta kifungo cha chuma cha mkanda, nyuzi za sweta, na mifupa. Dada alipiga magoti, akaishika kwa mikono ya kazi yake.

"Huu wa mguu ulivunjika," alisema kwa sauti ya wodini. Baada ya hapo ndipo alipolia.

Njiani kurudi walikubaliana: Mama ataambiwa mtoto alianguka, akafa papo hapo.

Walizika. Watu walipotawanyika, Mama aliwaita Mkuu na dada sebuleni, akafunga mlango.

"Mlimpataje, wakati polisi na mbwa walishindwa?"

Mkuu akamgeukia dada.

"Usimtazame huyo. Nitazame mimi, ndimi niliyemzaa."

Basi akamweleza habari za ndege. Mama alisikiliza, mikono mapajani.

"Ule mluzi," Mama aliuliza, "alikuwa anamwita nani?"

"Alikuwa ananijibu mimi, Mama."

"Kwa hiyo alikuwa anakusikia. Alijua mnamtafuta." Akapumua kwa kirefu, kama aliyetua mzigo. "Hakuwa peke yake, basi. Ahsante, baba."

Dada aliinamisha uso. Mkuu naye alikuwa anafikiria ile siku walipoambiwa waondoke, mto ulipokuwa umeanza kupungua na filimbi ikawekwa mfukoni. Na mluzi uliobaki ukiuliza swali lake kule ng'ambo, siku baada ya siku, kwa muda wa kutosha ndege kuujua.

"Ahsante kushukuru, Mama," alisema, akainuka kumsaidia dada kupanga viti.