Siku Maabara Ilipohamia Ruangwa

Lori lilipoinama upande wa kushoto, hadubini ilikuwa mapajani kwangu, nimeiviringisha kwenye kanga na kuizungushia mikono yote miwili. Nyuma yetu nilisikia vioo vikigongana ndani ya magunia, sauti ndogondogo, kama meno ya mtu mwenye homa. Adinani, dereva wetu, akakanyaga mafuta. Tairi zikazunguka pale pale na kurusha tope jekundu hadi juu ya turubai. Akakanyaga tena. Lori likazidi kuzama, polepole, kama ng'ombe anayejilaza.

"Basi," akasema, akazima injini. "Hapa tumefika."

Hatukuwa tumefika. Nachingwea ilikuwa nyuma, Ruangwa mbele, nasi tulikuwa katikati, kwenye bonde ambalo mvua za kwanza zilikuwa zimeligeuza uji. Marselina, fundi sanifu wa maabara yetu, alikuwa amebanwa kati yangu na dereva. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia.

"Ndiyo Ruangwa yenyewe hii? Mbona haina hata duka la soda?"

Adinani akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesubiri jibu kwa siku nyingi, na pale, lori likiwa limeinamia ubavu, niliona kwamba limekuja.

Nilikuwa mhudumu wa maabara katika chuo kidogo cha afya. Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo, kujaza maji ndoo pale bomba lilipokauka, kufuta meza, na kuzika taka ambazo hazifai kutupwa jalalani. Jioni nilikwenda darasa la watu wazima. Nilisoma masomo ya kidato cha nne niliyoyaacha nilipoolewa, kwenye dawati moja na vijana ambao wangeweza kuwa wanangu. Kabla ya kufungua daftari nilisoma Bismillahi kimoyomoyo. Kuna kijana mmoja alizoea kuniuliza, "Bibi, unaomba tusiulizwe maswali?" Nilimwambia ndiyo, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Marselina alikuwa mdogo kwangu kwa umri, lakini kazini nilimwita Madam, naye aliniita Mama Rabia kwa jina la binti yangu. Siku moja, nikiwa nasubiri meza ikauke, aliniita kwenye hadubini. "Funga jicho moja, tazama." Sikuona kitu ila ukungu wa zambarau. Akageuza kitufe. Ukungu ukatulia, na katikati ya duara nikaona pete ndogo mno, ya buluu, yenye kito chekundu, kana kwamba kuna bibi harusi ameidondosha kwenye damu ya mtu.

"Hiyo ndiyo malaria," akasema.

Nilikuwa nimezika mtoto mmoja kwa ugonjwa ule. Miaka yote nilidhani adui yetu ana sura ya kutisha. Tangu siku ile nilijua ninachotaka. Sikumwambia mtu, nilikiweka kwenye sijida, mahali ninapoweka mambo yangu yote.

Nilipofaulu mtihani, Marselina alininunulia soda na mimi nikalia mbele ya makabati ya kemikali. Miezi michache baadaye tukaambiwa chuo kinahama. Jengo letu lilikuwa la zamani, la wakati wa mradi wa karanga wa wakoloni, na mwenye nalo alikuwa amempangisha mfanyabiashara wa korosho. Ruangwa kulikuwa na jengo jipya linatusubiri. Mkuu wa chuo akatukusanya wahudumu, akasema wazi: katika jengo jipya kutakuwa na mafunzo ya jioni ya ufundi wa maabara, na mhudumu atakayehama pamoja na chuo atasoma bila ada. "Atakayefika na maabara, nafasi yake ipo. Atakayebaki, tutamshukuru kwa utumishi wake."

Huwezi kuomba dua ikajibiwa waziwazi kuliko hivyo. Leo naliona hilo. Wakati ule niliona mambo mengine. Niliona mikorosho aliyoniachia marehemu mume wangu kule Mtua, na mama yangu anayekaa pembeni ya shamba lile. Nilipomweleza habari ya Ruangwa, aliendelea kupeta ufuta wake, kisha akasema, "Mikorosho haihami." Rabia alinipigia simu kutoka kwa mumewe, akaniambia, "Mama, nenda. Korosho nitaziokota mimi." Na chini ya yote hayo kulikuwa na jambo ambalo sikulitaja hata kwenye mswala: niliogopa. Darasa la jioni la Nachingwea lilikuwa limenizoea. Kule ningeanza upya, mwanamke mzima mwenye kalamu, kati ya mabinti wenye vidole vyepesi.

Nikaanza kusali istikhara. Ni rakaa mbili na dua: unamwomba Mwenyezi Mungu, anayejua nawe hujui, kwamba kama jambo hili lina heri akurahisishie, na kama lina shari akuepushe nalo. Niliisali kila usiku baada ya isha. Asubuhi niliamka nikitafuta ndoto, sikukuta. Basi nikaanza kutafuta ishara mchana.

Mtu anayetafuta ishara asihame nyumba katika siku hizo. Maabara yetu ilikuwa vurugu tupu. Msimu wa korosho ulikuwa umefunguliwa, na yule mfanyabiashara hakuwa na subira. Makuli wake waliingiza magunia kwa mlango wa mbele wakati sisi tunatoa vioo kwa mlango wa nyuma. Tulifunga bika, zile bilauri za kupimia, na mirija kwenye pumba za mpunga. Asidi tulizisimamisha ndani ya ndoo za mchanga. Vumbi la korosho lilituwasha koo. Kuli mmoja alikuta chupa yenye nyoka aliyehifadhiwa, akasimama nayo mkono umenyooka mbali na mwili.

"Mama, huyu namweka wapi?"

"Usimweke popote," Marselina akamjibu kutoka chini ya meza. "Na akikuuma usijali. Dawa tunayo, ila iko kwenye boksi la chini kabisa."

Kila mtu alicheka. Mimi nilikuwa nahesabu. Ufunguo wa kabati umepotea: nikasema moyoni, hiyo ni moja. Chupa ya spiriti imemwagika: ni ya pili. Lori limechelewa kuja. Dhiki za kawaida za watu wanaohama, mimi nikawa nazipanga kama shanga za tasbihi. Ufunguo ulipopatikana mfukoni mwa Marselina, sikuupunguza kwenye hesabu.

Ndivyo nilivyopanda lori lile, hadubini mapajani, macho yakiitafuta barabara kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Tulishuka kwenye tope. Tulikata matawi tukayalaza mbele ya tairi. Marselina alivua viatu, akafunga sketi yake magotini, akasukuma pamoja na wapita njia waliosimama kutusaidia. Lori likanguruma, likasogea kidogo, likarudi shimoni. Turubai lilikuwa limelegea na mvua ikaanza tena, nyepesi.

"Madam," nikasema, "mimi narudi."

"Unarudi kuchukua jembe?"

"Narudi nyumbani. Nimepata jibu langu." Nilisema kwa sauti, na watu wote walinisikia. "Nilimwomba Mungu anionyeshe, amenionyesha. Safari hii haina heri na mimi."

Adinani akatoa kichwa chini ya lori. "Mama, mimi njia hii nakwama kila masika. Ingekuwa Mungu ananikataza, saa hizi nauza vitumbua."

Wale wapita njia walicheka. Marselina hakucheka. Alinisogelea, tope limemfika magotini.

"Gari limekwama kwenye tope, Mama Rabia. Halijakwama kwenye mapenzi ya Mungu."

"Usifanyie mzaha dini yangu."

"Sifanyi mzaha. Mimi kila safari nasali rozari. Nikipata pancha, naziba pancha, naendelea kusali." Akashusha sauti. "Kesho asubuhi mkuu anaandikisha. Usipokuwepo, nafasi anapewa mwingine. Unajua hilo."

"Mgawaji ni Mwenyezi Mungu," nikamjibu.

Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo maana mpaka leo sijui niyajutie vipi.

Pikipiki ya bodaboda ilikuwa imesimama ng'ambo ya shimo. Kijana wake alikuwa anaelekea Nachingwea. Nikamkabidhi Marselina hadubini pamoja na kanga yake. Aliipokea akaikumbatia kifuani. Nilipopanda pikipiki sikugeuka nyuma, na nilidhani kule kutogeuka ndiko imani.

Hatukwenda mbali. Kwenye kona ya kwanza tulipishana na trekta jekundu, mnyororo mnene umening'inia nyuma, vijana wamekaa juu ya vifuniko vya matairi wakiimba. Bodaboda akapunguza mwendo.

"Hao wanakwenda kulivuta lori lenu, mama. Nikurudishe? Sikudai nyongeza."

Injini ilikuwa inaunguruma chini yetu. Nilisikia ule mnyororo ukilia kwenye mawe, ukienda mbali. Nilijua. Sitaki mtu adhani kwamba sikujua. Ikiwa lori kukwama lilikuwa ni neno la Mungu, basi trekta lilikuwa neno lake pia, na lilikuja baadaye, na neno la mwisho ndilo linalofuatwa. Nililiona hilo kwa uwazi uleule nilioiona nao ile pete kwenye hadubini.

Lakini nilikuwa nimeshamtaja Mungu mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama kwenye tope na kusema amenijibu. Kama ningerudi, nikapanda lori huku wale wapita njia wakitazama, ningekuwa nimesema nini? Kwamba Mwenyezi Mungu amebadili mawazo? Au kwamba ni mimi niliyesema, na jina lake nilijifunika tu, kama mtu anavyojifunika shuka la mwenzake? Aibu ilinijaa hadi masikioni, nami nikaidhania kuwa ni unyenyekevu.

"Twende," nikasema.

Kijana akainua mabega, akaongeza mafuta.

Msimu ule nilipata kazi ya kuchambua korosho, ndani ya jengo letu lilelile. Nilikaa kwenye kigoda mahali ilipokuwa meza ya kuoshea, natenga nzima na mbovu. Mwaka uliofuata nilipeleka maombi Ruangwa. Walinijibu kwa adabu kwamba ule mpango wa wahudumu umekwisha, sasa kuna ada, na ada yenyewe siiwezi. Nilikwenda kwa ustadhi kumwuliza habari ya istikhara. Akanieleza kwa upole kwamba wengi hukosea kungoja ndoto na ishara. Mtu husali, kisha hushika njia yake, na Mungu humrahisishia au humgeuza. "Kwani kulitokea nini?" akaniuliza. Nikamweleza kuhusu lori. Kuhusu trekta sikumweleza.

Darasa la jioni bado naenda. Sasa najifunza Kiingereza. Yule kijana wa maswali amekwishahitimu, dawati lake amekalia mwingine.

Mwaka jana Marselina alikuja Nachingwea kwenye harusi ya ndugu yake, akafika kwangu bila taarifa. Nilimpikia ugali na kisamvu cha karanga. Alikuwa amenenepa kidogo, na sasa anavaa miwani. Aliniambia maabara mpya ina madirisha makubwa na maji kila bomba. Nafasi yangu alipewa msichana mmoja kutoka Kilimarondo, Prisila. Sasa ni fundi sanifu, mkono wake mzuri, slaidi zake hazina doa. Nilifurahi. Furaha ilikuwa ya kweli, ila ilikaa upande mmoja tu wa kifua.

Nilimwongezea kisamvu.

"Lile trekta lilikuja, unajua," akasema.

"Najua. Nilipishana nalo."

Akaacha kumega. "Ulipishana nalo?"

"Pale kwenye kona."

Alinitazama juu ya miwani yake, akatikisa kichwa taratibu, si kwa kunilaumu. "Basi yule mtu alisema kweli. Walipotutoa, dereva wa trekta alisema amepishana na mama mmoja kwenye pikipiki. Nikamwambia Adinani, ameliona, atarudi. Tukangoja."

"Mlingoja?"

"Adinani alilalamika kidogo, unamjua. Halafu mwenyewe akazima injini. Na betri ilikuwa mbovu, alijua itabidi tusukume tena. Akasema injini ikiwaka, hatutasikia pikipiki ikija."

Sikumwuliza walingoja mpaka lini. Nilimletea maji ya kunawa, nikamsindikiza hadi kwenye njia kubwa, akanikumbatia, akaenda kwenye harusi yake.

Magharibi ilikuwa imeingia. Nilitawadha, nikatandika mswala, nikasali rakaa zote bila kukosea. Ilipofika wakati wa dua nilikaa na viganja vyangu wazi kwa muda mrefu, na sikupata la kuomba.