Gunia la Udongo Mwekundu

Firoz, mwenye duka, alifariki wakati wa mvua za Machi, mwaka 1978, lori lake lilipopinduka karibu na Tinde akirudi nyumbani Shinyanga. Nyuma ya lori hakukuwa na sukari wala mafuta ya taa. Kulikuwa na gunia moja tu la udongo mwekundu.

Gunia hilo ndilo lililoleta maneno. Siku zile watu walikuwa wakinong'ona habari za dhahabu upande wa Bulyanhulu, na mwenye duka kutokea huko na udongo kulitosha. Polisi waliuchekecha, hawakuona kitu, wakamrudishia mjane wake, Mumtaz, gunia lile. Maneno ya mjini hayakukoma.

Hata shemeji yake, mdogo wa Firoz aliyekuja kutoka Mwanza kuzika, alimuuliza kwa sauti ya chini, "Bhabhi, shemeji yangu, kaka alikuwa akinunua dhahabu?"

"Sijui," alijibu. Na kweli hakujua. Alfajiri ile Firoz alimwambia tu kwamba anafika Kharumwa, upande huohuo wa Bulyanhulu, mara moja. Hilo la kutojua ndilo lililomkosesha usingizi.

Akakaa eda. Duka lilifungwa, na sebuleni alibaki yeye na tangi la samaki la marehemu. Lilikuwa tangi kubwa la kioo, Firoz aliliunda mwenyewe, akapanda ndani yake mimea aliyoitoa kwenye madimbwi. Samaki walikuwa wadogo wa kijivu, wasio na uzuri wowote. Alichokipenda hasa ni majani.

Sasa majani yalikuwa yanapauka. Mumtaz alidhani yana njaa, akachukua mbolea ya SA iliyobaki stoo, akamwaga kijiko kizima. Kesho yake maji yalikuwa yamechafuka na samaki wawili wanaelea. Aliwatoa kwa chujio la chai, akalia kuliko alivyolia siku ya maziko.

Wiki hiyo alikuja Justa kumpa pole. Justa alikuwa bibi shamba wa pamba, mteja wa siku nyingi wa duka lile, na alizoea kumwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama.

"Shikamoo, mayu. Pole sana."

"Marahaba. Nimeshapoa." Kisha akaonyesha tangi. "Hata majani haya yananifia. Niliyapa SA, nikaua samaki."

Justa alipiga magoti mbele ya kioo, akatazama kwa muda.

"SA huongeza naitrojeni," alisema taratibu. "Na naitrojeni haikupungua humu, kinyesi cha samaki kinatosha. Ingepungua, majani ya chini, yale makuukuu, ndiyo yangeanza kuwa njano, kama pamba. Ingekuwa potashi, makuukuu hayohayo yangetoboka matundu. Tazama wewe mwenyewe. Ya chini ni mazima. Ni haya machanga ya juu ndiyo meupe, na mishipa yake bado kijani."

"Maana yake nini?"

"Yamekosa chuma. Maji yetu haya ya chokaa huuzuia mmea kukipata. Marehemu alikuwa akiyalisha nini?"

Mumtaz alitaka kusema hajui, kama alivyozoea kusema miezi ile. Lakini akakumbuka Jumapili za Firoz: gazeti limetandazwa sakafuni, mikono imejaa tope, anafinyanga vidonge vidogo, anavianika dirishani, kisha anavisukumia mizizini kwa kijiti. Yeye alikuwa akimgombeza kwa kuchafua sakafu. Na tope lile lilikuwa jekundu.

Aliinuka, akaenda stoo, akarudi akiburuta gunia.

Justa alichota udongo, akausugua kati ya vidole. Ulimwachia rangi ya kutu. "Huu ni wa kwetu Kharumwa," alisema. "Umejaa chuma."

Mumtaz aliketi sakafuni. "Kwa hiyo alikwenda kwa ajili ya majani."

"Ndiyo, mayu."

"Majani, Justa. Angeniambia ningemzuia." Uso wake ulikuwa na hasira na upendo kwa pamoja. Justa alitandaza gazeti, wakaanza kufinyanga vidonge.

Yale meupe hayakurudi kuwa kijani. Justa alikuwa amemwonya, akamwambia ayakate na kusubiri machipukizi. Yalipokuja yalikuwa ya kijani kibichi, na eda ilipokwisha, siku shemeji alipofika, Mumtaz alimkalisha mbele ya tangi, akamweleza yote.

"Nilimwombea Mungu amsamehe ile dhahabu," alisema shemeji.

"Mwombee asamehewe mengine," Mumtaz alimjibu. "Alikuwa binadamu, hayakosekani."

Mjini wengine waliamini, wengine hawakutaka. Mumtaz hakuzunguka kumweleza kila mtu. Alifungua duka, na Jumapili, mchana, alitandaza gazeti sakafuni.