Kitanda cha Bima

Mzee Anyosisye alikuwa amepona malaria, lakini mmiliki wa hospitali binafsi mjini Kyela hakutaka kumruhusu.

"Bima inalipia kitanda, mama. Mwache aendelee kupumzika," alimwambia Tumaini, mke wa mzee.

Tumaini hakuridhika. Akamgeukia Daktari Jovina. "Mwanangu, bado anaumwa?"

Jovina alimtazama bosi wake, kisha akasema taratibu, "Hapana, mama. Amepona. Mpeleke nyumbani."

Bosi akanuna, lakini Jovina akaandika ruhusa mbele yake.

"Ndaga fijo, mwanangu," Tumaini alishukuru. Akapiga magoti, akamvalisha mumewe viatu.

"Nilidhani umenichoka," mzee alinong'ona.

"Nikuchoke niende wapi? Siku zote hizi nimekuwa nikiongea na kuku."

Mzee akacheka, wakatoka wameshikana mikono kutafuta bajaji.