Protus Alipokuwa Kompyuta

Tevin alikuwa na hadi saa kumi jioni kurudisha fomu. Chuo cha Amalemba kilifundisha lugha mbili za kompyuta, Python na JavaScript, na asiyechagua angepewa itakayobaki na nafasi. Mwezi mzima alikuwa amezionja zote mbili, na zote zilimshinda vilevile. Akikosea, skrini ilimwandikia maneno mekundu, kisha kimya. Hakuna aliyecheka. Mwezi mwingine kama huo, angefunga virago arudi kwao Khwisero.

Enzi za bweni mambo hayakuwa hivyo. Enzi hizo zilikuwa zimeisha miezi minane tu iliyopita, lakini Tevin alizikumbuka kama mzee anavyokumbuka vita. Shuleni kompyuta zilikuwa sita, na tatu kati yazo zilikuwa za kuonyesha wageni. Kwa hivyo programu za Pascal, lugha ya kompyuta waliyofundishwa huko, ziliandikwa daftarini, na Protus, mwana wa wakulima wa miwa wa Musanda, ndiye aliyekuwa mashine. Tevin alisoma mstari, Protus akautii. Akikuta kosa alianguka sakafuni, akalala pale kwa heshima zote mpaka lirekebishwe.

Siku moja Tevin alimwandikia makusudi mzunguko usio na mwisho: zunguka dawati, piga saluti, rudia. Protus alizunguka prepu nzima, kipindi cha kujisomea usiku. Mwalimu wa zamu, Bwana Sylvanus, akamwamuru aketi. Protus alimpigia saluti, akaendelea.

"Siwezi, mwalimu. Sijaandikiwa pa kuishia."

Kwa adhabu, wawili hao walifyeka nyasi siku tatu. Darasani mwao hakuna aliyesahau tena kuuandikia mzunguko mwisho wake.

Sasa, saa nane mchana siku ya fomu, Tevin alimpigia Protus simu. Protus alikuwa shambani akipalilia miwa na mamake. Tevin akamsomea programu ileile kwa lugha zote mbili: tembea hatua moja, hesabu, ukifika kumi simama. Ya JavaScript ilijaa mabano, na kwenye mstari wa tatu Protus alipoteza hesabu yake, akatangaza kwamba amekufa. Ya Python aliitii. Ikasikika miguu ikikanyaga majani makavu, kisha mamake akimuuliza kama jua limempiga.

"Nimefika kumi. Nimesimama," Protus alisema. "Kwani huko hamna mtu wa kukuendeshea?"

"Hamna."

"Basi unisomee kila Jumamosi. Lakini iwe hii. Ile ingine itaniua."

Fomu ilitaka pia sababu ya kuchagua. Wenzake walikuwa wameandika habari za soko la ajira. Tevin aliandika Python, na chini yake: Protus anaielewa. Dinah, karani wa chuo, alisoma mara mbili, akauliza Protus ni nani.

"Ni kompyuta niliyojifunzia shuleni, madam," Tevin alimjibu bila kutabasamu. "Siku hizi iko Musanda."