Kulabu Iliyochoka

Jana mchana, baada ya kula, niliota. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha karakana, mita nne kutoka ilipo kazi ya Bi Mwanahawa. Umbali huo naomba ukumbukwe.

Kazi yenyewe ni chuma cha kutundikia baiskeli ukutani, kina kulabu mbili. Bi Mwanahawa ni mkunga, anaishi chumba kimoja na mama yake mgonjwa, na ukuta pekee ulio wazi ni ule wa juu ya kitanda cha mama.

Sisi watengeneza fremu wa mtaa huu tuna desturi: kazi ya kutundikia haitoki kabla fundi mwenyewe hajaning'inia na kuhesabu mpaka thelathini. Hii sikuning'inia. Nilishamaliza fremu tano wiki hiyo, mabega hayana nguvu tena. Nikakifunga chuma ukutani hapo karakana, nikapaka rangi ya kijani asubuhi hiyo ya jana, nikajiambia itashika tu.

Basi ndotoni kile chuma kinashuka ukutani, kinavuta kigoda, kinakaa.

"Shekue," kinaniita, "nimechoka."

"Hata mimi."

"Wewe umechoka na nini? Mimi ndiye wa kubeba baiskeli miaka kumi."

Nikakisogezea chai, kikakataa.

Mara karakana ni chumba cha Bi Mwanahawa. Mama yake yuko kitandani, anachambua mchele kwenye ungo uliokaa kifuani. Baiskeli imesimama mlangoni kwa adabu, inasubiri kuitwa. Chuma kimesharudi ukutani.

"Aning'inie fundi kwanza," kinasema. "Ndiyo desturi yenu."

Nashika kulabu, miguu inaacha sakafu. Baiskeli inahesabu kwa kengele, mlio mmoja kwa kila namba.

"Mwanangu," mama ananiuliza kutoka chini, "na ukiniangukia?"

"Sianguki, mama. Rangi imekaa vizuri."

Anaangalia rangi, kisha anarudi kwenye mchele wake. Niliona aibu, nawaambia kweli.

"Nitabeba mpaka kumi na tisa," chuma kinaninong'oneza. "Hapo naachia. Usinilaumu. Kulabu ya kushoto uliishikiza kwa nukta mbili tu za kulehemu, ukasema utarudi kumalizia, ukaenda kulala."

Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimesahau kabisa. Kengele inalia mara ya kumi na nane.

Nikaamka kitini. Kila kiganja changu kilikuwa na mstari wa rangi ya kijani, mbichi. Mita nne mbele yangu chuma kilikuwa palepale ukutani, na kwenye kila kulabu rangi imefutika upana wa mkono.

Sijapata hata tambara, Bi Mwanahawa akapiga hodi.

"Fundi, nimekuja na mtu wa mkokoteni. Mama amenikazania, baiskeli inamzibia njia ya chooni."

"Subiri kidogo, Bi Mwanahawa. Nihesabie mpaka thelathini."

"Nikuhesabie nini?"

"Wewe nihesabie tu, tafadhali."

Nikapanda kigoda, nikashika kulabu zote mbili, nikakunja magoti. Mabega yaliuma mpaka machozi. Yeye akahesabu polepole, kwa sauti ile anayowahesabia wajawazito pumzi.

Alipotamka kumi na tisa, kulabu ya kushoto ilibaki mkononi mwangu.