Pakiti ya Njano

Mjukuu wangu Pei-shan alishafeli mara moja somo la kuandika programu. Akifeli tena, chuo kinamwondoa kwenye masomo ya kompyuta. Ndiyo maana jioni ile ya mtihani wa mwisho, aliokuwa akiufanyia hapa mezani kwangu mjini Chiayi, hata wali wa bata mzinga hakuugusa.

Mwalimu wao, Bwana Hsieh, amelifanya somo kuwa mchezo. Pei-shan ana paka mweupe kwenye kioo cha kompyuta, na kila programu ikikubali, paka hupanda ghorofa moja ya mnara. Muhula uliopita kulikuwa na ubao wa kuonyesha nani anaongoza na nani yuko mkiani. Mjukuu wangu alipojiona mkiani, akaacha kujaribu. Safari hii mwalimu kaung'oa ubao. Na ukikosea, paka hashuki. Hukaa ngazini akijilamba makucha, anakungoja.

Ilibaki ghorofa moja, paka kagoma. Pei-shan naye kaweka mikono mapajani, kioo anakitazama tu.

Nikaenda dukani kwa Bi Lo kununua vile vitafunwa vya mahindi ambavyo kila mtu hapa huweka juu ya mashine ili iwe na adabu, isigome. Nikaifuta pakiti vumbi, nikaiegemeza kwenye kompyuta.

"Bibi! Ya njano!"

"Si mahindi yaleyale?"

"Ya kijani ndiyo inaifanya mashine iende! Ya njano inaizubaisha! Unataka nifukuzwe?"

"Za kijani zimeisha. Basi tuile upesi, kabla mashine haijaiona."

Akanikodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Bibi, wewe ndiye virusi mwenyewe!"

"Na wewe umetoka kwangu."

Tukaila yote. Akajipangusa vidole kwenye aproni yangu, mtundu yule, akasogeza kiti.

"Hebu nikosee makusudi nione inakwama wapi. Si paka hashuki?"

Akaikata programu vipandevipande, akajaribu kimoja kimoja. Paka akajilamba. Akajaribu tena. Akajilamba. Mara paka akajinyoosha, akaruka, na kengele ikalia juu ya mnara.

Pei-shan alilaza kichwa mezani, mabega yakamshuka. Nikadhani analia.

"Bibi," akasema humo humo mezani, "ule wali bado upo?"

Nilikuwa nimeshawasha jiko.